Kulala hemani mara ya kwanza, ukitokea Mombasa

Dada, umeuliza pa kuanzia na watoto ambao hawajawahi kulala hemani. Nendeni Shimba Hills, hifadhi ya wanyama kule Kwale. Mnavuka Likoni asubuhi, mchana mmeshafika. Kule vilimani usiku una ubaridi na umande ambao sisi wa kisiwani hatuuzoei, kwa hiyo chukueni mablanketi na godoro jembamba la kutandika. Baridi ya ardhini ndiyo inayokosesha usingizi, kuliko hata upepo. Kabla ya safari, jaribuni kulisimamisha hema uani nyumbani, mchana kweupe. Ndovu wapo, basi chakula kisilale hemani, hasa matunda, na usiku msizurure. Aprili na Mei ni masika, ahirisheni. Ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, lipeni mtandaoni mapema. Kuni msihangaike nazo, mtungi mdogo wa gesi watosha.