Jibu: Bingwa wa Formula 1 aliyeshinda mbio moja tu

Ndugu, umeuliza kama dereva wa Formula 1, mashindano ya magari, anaweza kutwaa ubingwa huku mpinzani wake ameshinda mbio nyingi zaidi. Ubingwa huamuliwa kwa pointi, si kwa idadi ya ushindi. Imetokea, tena si mara moja. Mwaka 1984 dereva Niki Lauda alishinda mbio 5, mpinzani wake Alain Prost 7, Lauda akawa bingwa kwa nusu pointi. Ila ubingwa wa 1958 ndio unaouma. Stirling Moss alishinda mbio 4, Mike Hawthorn 1 tu, na ubingwa ukaenda kwa Hawthorn, pointi 42 kwa 41. Kwenye mbio za Ureno msimu huohuo, Hawthorn alishtakiwa kwa waamuzi kwa kurudi kinyume na mwelekeo wa mbio. Moss mwenyewe akamtetea: gari la Hawthorn lilikuwa pembeni, nje ya barabara ya mbio. Hawthorn akabaki na pointi zake 7 za mbio hizo, na bila hizo asingekuwa bingwa. Kwangu mimi, Moss ni mkubwa kuliko mabingwa wengi.