Kwa Mnaoanza Kusoma Muziki: Miguu Iko Wapi?

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyekuja Tabora kwa utafiti wake, alinionyesha kwa furaha wimbo alioukusanya kijijini: sauti ya mzee mmoja aliyeketi kitini, safi kabisa, bila ngoma wala vigelegele. Alikuwa ameuandika katika mizani ya 4/4, yaani mapigo manne katika kila fungu, na noti zilikuwa zimeunganishwa kwa mistari mingi kiasi kwamba ukurasa ulifanana na wavu. Nilinyamaza kwa muda, kwa sababu ukurasa kama ule niliwahi kuuandika mimi. Basi nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza historia na nadharia ya muziki chuoni, nikiwa na haraka kidogo, maana nimechoka kuyaona makosa yaleyale.

1. Msiionee aibu sol-fa, ile ya do, re, mi, mliyotoka nayo kwenye kwaya. Ilianza Uingereza kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, John Curwen akaieneza katika karne ya 19, wamisionari wakaja nayo huku. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake tunaiimba katika Mungu Ibariki Afrika, aliandika nyimbo zake kwa sol-fa. Anayeijua vizuri huisikia noti kabla ya kugusa kinanda. Jifunzeni stafu, yaani mistari mitano ya kuandikia noti, juu ya msingi huo.

2. Zoezi la sauti nne liimbeni kabla ya kulikabidhi. Wengi huwinda tano sambamba, yaani sauti mbili zinazotembea pamoja zikiachana kama do na sol, kwa macho tu, na ukiwauliza kwa nini zinakatazwa, hujibu kwamba mwalimu amesema. Mtunzi Fux wa Austria alipochapisha mwaka 1725 kitabu chake cha kontrapunto, yaani ufundi wa kuunganisha sauti kadhaa, alikuwa akifundisha mtindo unaotaka kila sauti itembee kwa uhuru wake, na sauti mbili zikiandamana kwa umbali wa tano, sikio huzisikia kama sauti moja iliyonenepa. Hiyo ndiyo sababu, nayo ni ya mtindo ule. Pandeni treni mshuke Dodoma, mwasikilize Wagogo wakiimba kwa nne na tano sambamba, ndipo mtaelewa kwamba huko uzuri wa wimbo umejengwa juu ya kitu kilekile mnachokatwa alama.

3. Wimbo usiandikwe kabla ya kuonekana ukichezwa. Nikiwa mwaka wa tatu nilimwendea manju mmoja, si mbali na hapa mjini, mtu aliyeheshimiwa kwa utunzi wake tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa amekwisha kufunga njuga miguuni na kusimama uani. Nikamwomba azivue, aingie ndani na kukaa, ili kinasa sauti kisipokee kelele. Kelele ndilo neno nililolitumia. Mzee alinitazama, akazifungua taratibu, akaniimbia akiwa ameketi kwa sababu mimi nilikuwa mgeni wake.

Chuoni nilihangaika na sauti ile kwa majuma mengi. Silabi ya kwanza niliiweka kwenye pigo la kwanza, na kila kilichokataa kukaa ndani ya 4/4 nilikilazimisha, kisha katika maelezo nikaandika sentensi ambayo naikumbuka neno kwa neno: “Mwimbaji ana tabia ya kuchelewa mapigo.” Kazi ikapata alama nzuri, ikawekwa maktaba.

Mwaka uliofuata nilirudi na vijana wa kwaya kumwimbia mzee wimbo wake, kama shukrani. Alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu juu ya fimbo, mpaka mwisho, akawashukuru watoto mmoja mmoja. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa upole, “Mwanangu, miguu iko wapi?” Akamtuma mjukuu wake alete njuga. Alipozifunga na kupiga hatua nne, nilihesabu mapigo madogo matatu katika kila hatua, jumla 12, na sauti yake ikipita juu yake mawili mawili. Silabi niliyoiita ya kwanza iliingia baada ya mguu kutua, mahali pake hasa, kila alipoirudia. Hakuwa amechelewa hata mara moja. Nilikuwa nimemvua mzee kipimo cha wimbo wake, kisha nikamshitaki kwa maandishi kwamba hana kipimo.

Nilimwomba radhi siku ileile, naye akanisamehe kabla sijamaliza kusema. Niliandika wimbo upya, mstari wa njuga ukiwa chini ya mstari wa sauti, na nikaomba ukurasa wa masahihisho ubandikwe kwenye nakala ya maktaba. Hata hivyo, katika rasimu ya mwanafunzi huyu wa wiki iliyopita nimeikuta sentensi yangu ya zamani, imenukuliwa kwa uangalifu na jina langu pembeni.

4. Katika historia, kila mwaka uwe na sauti yake: mkikariri kwamba Bach alifariki mwaka 1750, muwe na korali yake moja, yaani wimbo wa kanisani wa sauti nne, mnayoweza kuiimba besi. Na msifikiri historia inaishia Leipzig, mji wa Bach. Bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz zilitokea mji huuhuu, kwa hiyo waulizeni wazee waliopiga muziki ndani yake.

Kijana yule tulikaa naye hadi jioni. Jana amerudi kijijini akiwa na simu mbili, moja ya kuweka karibu na mdomo wa mzee, nyingine ya kuelekeza miguuni.