Nianzie wapi muziki wa Ghana?

SWALI: Kaka, shikamoo. Nimelelewa na rumba ya Kongo na dansi la kwetu. Sasa nataka kuujua muziki wa zamani wa Afrika Magharibi. Nianze na nani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anza na E. T. Mensah wa Accra, aliyezaliwa 1919. Alikuwa mfamasia kwa taaluma, na ukumbini alipiga tarumbeta na saksafoni akiongoza bendi ya Tempos. Muziki wao ni hailaifu, yaani maisha ya juu. Inasimuliwa kuwa jina hilo lilitoka kwa watu wasio na kiingilio, waliosimama nje wakiwatazama wenye suti wakiingia dansini.

Tafuta "All For You". Mara ya kwanza fuata tarumbeta. Mara ya pili iache, sikiliza ngoma zilizo chini yake: hapo utaisikia midundo ya Kuba, ile ile iliyoingia kwenye rumba ya Kongo, na wewe mtu wa rumba utajiona uko nyumbani. Mimi hapo ndipo huongeza sauti, kila mara.

Mwaka 1956 Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, alifika Accra akapiga pamoja na Mensah. Ukimaliza, sikiliza "Ghana Freedom", wimbo wa uhuru wa 1957.