Muulize Kocha: Mshiko wa ufito

Swali: Kocha, habari. Binti yangu wa miaka 14 anaruka kwa ufito. Akiona wenzake wameshika juu, naye anapandisha mikono, halafu ufito unamrudisha alikotoka. Akimbie zaidi? – Mama Atieno, Kondele, Kisumu

Jibu: Mama Atieno, shida ni mshiko. Akishika juu kuliko kasi yake, ufito hausimami wima, na kuangukia nje ya godoro si mbali. Ashushe mikono upana wa kiganja, apunguze hatua za kukimbilia. Kisha mtazame akiruka: mguu wa kurukia uwe chini ya mkono wa juu, mikono imeshanyooka kabla ya kupaa. Na uzito wa mrukaji ulioandikwa kwenye ufito usiwe chini ya wake, hapo sina mzaha. Ushindani naupenda, ila na wa kimo chake! Hata Duplantis, nyota wa kuruka kwa ufito aliyevuka mita 6.05 mwaka 2018 akiwa na miaka 18, alianzia utotoni uani kwao Louisiana, Marekani.