Manase Alisamehewa, Mbona Yuda Iliadhibiwa?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Katika 2 Mambo ya Nyakati 33 nasoma kwamba Mfalme Manase alitubu, Mungu akamsikia na kumrudishia ufalme wake. Lakini 2 Wafalme 24 inasema Yuda iliangamia kwa ajili ya dhambi za Manase huyo huyo, na kwamba Bwana hakukubali kusamehe. Je, alisamehewa au hakusamehewa? Nauliza kwa sababu mweka hazina wa zamani wa kikoba chetu, aliyetumia fedha za wajane, ametubu mbele ya kanisa, na sasa wajane wanaambiwa wasidai tena kwa kuwa Mungu amekwisha kumsamehe. (Msomaji, Iringa)

JIBU: Amina, ndugu msomaji. Tuanze na uovu wenyewe, maana wahubiri wengi huikimbilia toba ya Manase kabla hawajaeleza alitubu nini. Alirithi kiti cha baba yake Hezekia akiwa na miaka 12, akatawala miaka 55, kipindi kirefu kuliko cha mfalme mwingine yeyote wa Yuda. Alisimamisha sanamu ya Ashera ndani ya hekalu, akampitisha mwanawe motoni, akamwaga damu isiyo na hatia hata ikaijaza Yerusalemu toka upande huu hadi upande huu. Waliouawa hawatajwi hata jina moja, lakini mwandishi wa Wafalme anairudia damu yao katika sura ya 24, miaka mingi baada ya mfalme kuzikwa.

Wafalme hakisemi lolote juu ya toba yake. Ni Mambo ya Nyakati kinachosimulia kwamba majemadari wa Ashuru walimkamata kwa kulabu, wakamfunga pingu za shaba na kumpeleka Babeli, naye katika taabu ile akajinyenyekeza sana. (Maandishi ya Esar-hadoni, mfalme wa Ashuru, yanamtaja Manase miongoni mwa wafalme 22 waliotakiwa kupeleka vifaa vya ujenzi wa jumba lake kule Ninawi, hayataji kifungo, ila yanaonyesha alikuwa chini ya mkono wa nani.) Wapo wanaosema kimoja kati ya vitabu hivi kimekosea, nami sikubaliani nao. Wafalme kinaishia uhamishoni na kueleza kwa nini mji ulianguka. Mambo ya Nyakati kinazungumza na watu waliokwisha kurudi, waliohitaji kujua kama Mungu bado anapokea mtu aliyeharibu kiasi hicho.

Jibu langu ni kwamba Manase alisamehewa kweli, lakini msamaha wake haukufuta alichokwisha kukipanda. Aliporudi aliiondoa sanamu hekaluni na kuitengeneza madhabahu ya Bwana. Hata hivyo, mwanawe Amoni alizitolea sadaka sanamu zile zile alizozitengeneza baba yake. Kisha angalia walioupoteza mji: ni wana na mjukuu wa Yosia, mwana wa Amoni. Lakini hapa tuwe waangalifu, maana Ezekieli 18 inakataa waziwazi kwamba mwana hubeba uovu wa baba. Hawakuadhibiwa wakiwa watoto wema. Yeremia 22 inamshtaki Yehoyakimu, mwana wa Yosia, kwa kujijengea nyumba kwa kazi isiyolipwa ujira na kwa kumwaga damu isiyo na hatia, yaani kosa lile lile la Manase. Yerusalemu ilipoanguka mwaka 586 K.K., ilikuwa imepewa muda mrefu wa kugeuka.

Kuhusu wajane wenu, anayewaambia wanyamaze anaitumia rehema ya Mungu kulipa deni la mtu mwingine kwa fedha za maskini. Walawi 6 inaamuru aliyemdhulumu jirani yake arudishe mali yote, aongeze sehemu ya tano, na amkabidhi mwenye mali siku ile ile anayoleta sadaka yake ya hatia. Zakayo naye hakungoja kuamriwa: alisimama mbele ya Yesu akaahidi kurudisha mara nne. Nanyi mpokeeni ndugu huyo kanisani bila kumsimanga, kisha viongozi waketi naye na wajane wote, daftari la kikoba likiwa wazi mezani, waandikishane kiasi anachodaiwa na kila mmoja na tarehe za kulipa. Iwapo mjane atapenda kusamehe sehemu ya deni lake, uamuzi huo ni wake peke yake, na asishinikizwe na mtu yeyote.