Mwanangu, kuhusu ile kesi ya kiwanja

Mama, marahaba. Meseji yako nimeiona. Unasema mteja ana hela, karatasi za kiwanja ziko upande wake, ila unajua fika yule mjane kaonewa, sasa unaniuliza ukiibeba ukashinda utakuwa umeshajiharibia, hasa kama siku moja utataka ubunge, au kesi ni kazi tu kama kazi nyingine.

Mimi sheria sijasoma, nimefundisha historia tu, kwa hiyo nakujibu kwa mtu. Kulikuwa na wakili Mmarekani anaitwa Thaddeus Stevens, kazaliwa Vermont 1792 kwenye umaskini, mguu mmoja una kilema cha kuzaliwa, baba akawakimbia, mama ndo akahangaika mpaka kijana akamaliza chuo cha Dartmouth 1814. Ofisi akafungua Gettysburg, Pennsylvania, jirani kabisa na mpaka wa jimbo la Maryland, na huo mpaka ndo wenyewe, maana Maryland utumwa kama kawaida ila Pennsylvania walikuwa na sheria ya 1780, mtumwa akiletwa na bwana wake akakaa miezi 6 anakuwa huru.

Sasa kuna mama mmoja, Charity Butler. Alikuwa analetwa Pennsylvania, anarudishwa, analetwa tena, ukijumlisha vile vipindi miezi 6 inapita, akaenda mahakamani kudai uhuru wake na wa wanae. 1821 kesi ikafika mahakama ya juu ya jimbo. Unadhani Stevens alisimama upande gani? Wa mwenye watumwa. Na hoja ilikuwa kali kweli, kwamba miezi 6 lazima iwe mfululizo, sio ya kuungaunga. Majaji wakakubali. Yaani mtu na watoto wake wamerudishwa utumwani kwa sababu ya namna ya kuhesabu siku.

Huyo huyo ndo 1835 kwenye bunge la Pennsylvania alisimama na hotuba ikaokoa shule za bure zilipotaka kufutwa. 1838 wakatunga katiba mpya ya jimbo inayowanyima weusi kura, akagoma kuisaini. 1851 alikuwa kwenye jopo la utetezi wa Castner Hanway, aliyeshtakiwa uhaini baada ya vurugu za Christiana, kijiji cha Pennsylvania ambako mwenye watumwa aliuawa akiwafuata waliomtoroka, na Hanway akaachiwa. Bunge la taifa ndo usiseme, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ameshika kamati ya fedha, halafu Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa, na ya 14, yaliyowapa weusi uraia, yana mkono wake, na alitaka mashamba makubwa ya mabwana wa kusini yagawiwe waliokuwa watumwa, hilo wenzake wakaliogopa. Alipokufa 1868 akazikwa Lancaster kwenye makaburi madogo aliyoyachagua mwenyewe kwa vile mengine yalikuwa yanabagua rangi.

Kwa hiyo swali lako la kujiharibia, jibu ni hapana mama, mwenzio alishinda kesi mbaya kuliko yako na akaja kuwa mbunge wa kutajwa. Ila mi hapo ndo sipendi watu wanavyoisimulia, wanakimbilia uzuri wa mbele as if ile ya 1821 ilikuwa ada ya kujifunzia. Ada ya nani? Charity hakurudishiwa kesi yake na zile hotuba za baadae. Wewe unauliza utakuwaje wewe, na mjane yeye analala wapi mwezi ujao?

Fanya hivi, lifungue faili uangalie karatasi zilipatikanaje, nani alisaini na alisomewa na nani. Ukikuta ni za kulaghai, kataa mapema, usingoje kesi ifike katikati maana mteja naye ana haki ya kutafuta wakili mwingine kwa wakati. Ukikuta ziko safi tupigie simu tuongee, hapo ni habari nyingine. Na kama hela ya kuanzia umeshapokea niambie kabla hujaila.