Kupiga picha za nyota juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa simu, ukiwa Moshi

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini kwenye picha zako Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota wa galaksi yetu, haitokei juu ya Kibo na nyota zinavutika kama michirizi. Simu yako ni nzima. Tuanze na Njia Nyeupe: shida yake ni uelekeo. Ukiwa Moshi mjini, Kibo kipo kaskazini. Kitovu cha Njia Nyeupe, kule penye kundinyota la Mshale, kinapita kusini, kwa hiyo unakipa mgongo! Kukipata pamoja na mlima inabidi uzunguke hadi upande wa kaskazini, kama kule Amboseli, Kenya.

Lakini Moshi ina chake, na mimi nakipenda zaidi: Dubu Mkubwa. Mwanzoni mwa Juni, kama saa mbili usiku, zile nyota zake saba zinazong'aa husimama kichwa chini juu ya Kibo. Chagua siku yenye mwezi mchanga, mwanga wake mdogo utaonyesha theluji bila kufuta nyota.

Michirizi nayo inatokana na kuacha lenzi wazi kwa sekunde 30, nyota zinasogea. Kupata sekunde za mwisho kabla ya michirizi, gawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi kwa milimita. Lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 25 hivi, unapata sekunde 20. Anza na sekunde 15, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, fokasi kwa mkono hadi alama ya mlima, yaani mbali kabisa, taima sekunde 2 ili kidole kisitikise. Stendi ni lazima. Na toka mjini kwanza, taa za barabarani zinameza kila kitu.